Friji linalopiga shoti na sola inayokuja: uchambuzi wa nyumba moja Magomeni, Mtwara

Nyumba yenyewe ni ya tofali za saruji, ina vyumba vitatu, sebule, jiko la ndani na veranda. Juu ni bati, chini yake dari ya jipsamu. Iko Magomeni, Mtwara mjini, na nyaya zake zilisukwa mwaka 2009. Wakati ule vifaa vilikuwa vichache: taa 12, televisheni, redio, pasi, feni mbili na friji dogo. Fundi akafunga bodi ya breka ya nafasi nne, sakiti (njia ya umeme yenye breka yake) moja ya taa kwa waya wa 1.5, yaani unene wa milimita za mraba 1.5, na sakiti moja ya soketi saba kwa waya wa 2.5. Kwa maisha ya 2009 kazi ile ilitosha.

Kilichobadilika ni maisha. Pesa ya korosho huanza kuingia Oktoba minada inapofunguliwa, na karibu kila msimu ulileta kifaa kipya ndani ya nyumba: friza la barafu na samaki, birika la wati 2,000, presha kuka ya wati 1,000, pampu ya maji ya nguvu farasi moja, na mwisho AC ya BTU 12,000 chumba kikubwa. Vyote hivi vilipachikwa kwenye soketi zilezile saba, vingine kupitia ekstensheni. Hakuna hata mita moja ya waya mpya iliyotoka kwenye bodi.

Malalamiko yalikuwa matatu. Breka ya soketi ilikuwa ikianguka kila birika na presha kuka vikiwaka pamoja, mpaka ilipobadilishwa kutoka ampia 20 kwenda 32. Ikaacha kuanguka, lakini jioni pakaanza kunuka plastiki iliyoungua kwenye korido. La pili alilisema mama mwenye nyumba kwa maneno yake: "Fundi, mbona friji linapiga shoti nikiwa peku?" La tatu halikuwa tatizo bado. Familia inataka kuweka sola yenye betri mwakani, na kijana wa nyumba anafikiria bajaji ya umeme. Swali lao lilikuwa kama nyaya zilizopo zitabeba.

Jibu ni kwamba hazibebi hata vilivyopo leo.

Volti 19 zilizopotea ndani ya nyumba

Kipimo cha kwanza hakikuhitaji kufungua kitu. Birika na presha kuka viliwashwa pamoja jikoni, kisha volti zikapimwa sehemu mbili mzigo ukiwa umewaka. Kwenye bodi zilikuwa 228. Kwenye soketi ya jikoni zilikuwa 209. Watu wengi wakiona taa inafifia birika linapowaka husema umeme wa nguzoni ni mdogo. Hapa umeme ulifika vizuri hadi kwenye bodi, ukapotelea kati ya bodi na jiko.

Hesabu ndiyo iliyoonyesha mahali pa kutafuta. Waya wa shaba wa 2.5, kwenda na kurudi, ukiwa umepata moto hupoteza karibu milivolti 18 kwa kila ampia kwa kila mita. Njia ya kutoka bodi hadi jikoni, kwa jinsi waya ulivyozungushwa kupitia soketi za sebuleni, ni mita 28, na mzigo ulikuwa karibu ampia 12. Waya mzima peke yake ungepoteza volti 6. Zilizopotea ni 19. Volti 13 zilizobaki haziwezi kuwa kwenye waya, lazima ziwe kwenye maungio. Zidisha volti 13 kwa ampia 12 upate zaidi ya wati 150 za joto, zimekusanyika sehemu isiyozidi ukubwa wa kidole gumba. Ni joto linaloizidi balbu ya zamani ya wati 100, nalo liko mahali ambapo hakuna mtu anayetazama.

Maungio yalipatikana juu ya dari ya korido, pale pale palipokuwa pananuka. Nyaya tatu za nyutro (waya wa kurudisha umeme) zilikuwa zimesokotwa kwa koleo na kuviringwa tepu nyeusi, siku AC ilipofungwa. Tepu ilikuwa imeyeyuka, shaba imekuwa nyeusi na ganda la waya limekauka kwa urefu wa sentimita 15 kila upande. Kuharibika kwake huenda polepole. Mchana bati linapasha moto nafasi ya juu ya dari, usiku inapoa. Shaba inatanuka na kusinyaa kila siku, msokoto unalegea. Hewa ya bahari yenye chumvi inaingia katikati ya nyuzi na kuziotesha kutu ya kijani. Ukinzani unaongezeka, joto linaongezeka, na joto lenyewe linaharakisha kutu. Miaka kadhaa haionekani, halafu siku moja inanuka.

Kwa mkoba pia kuna hasara. Nyumba hii hutumia zaidi ya uniti 75 kwa mwezi, kwa hiyo kwa bei zilizotangazwa 2016 uniti yao moja pamoja na kodi na tozo ni karibu shilingi 356. Maungio yale yakipoteza wati 150 na ushei kwa saa moja na nusu ya kupika kila siku, ni uniti 7 kwa mwezi, karibu shilingi 2,500 za LUKU zinazopasha moto dari.

Kwa nini breka ya 32 ni kosa kubwa zaidi ya maungio

Breka iko pale kuulinda waya. Breka ya ampia 20 ilipoanguka ilikuwa inafanya kazi yake, na kuiweka ya 32 ni kumfukuza mlinzi kwa sababu anapiga kelele.

Jedwali za kimataifa zinasema waya wa 2.5 wenye ganda la PVC, ukiwa ndani ya paipu ukutani, hubeba ampia 24. Namba hiyo ni ya mahali penye nyuzi joto 30. Chini ya bati la Mtwara mchana wa Novemba, kabla mvua hazijakolea, nafasi ya juu ya dari hupita nyuzi 50 kwa urahisi. Kwa nyuzi 50 zidisha kwa 0.71: waya uleule unabaki na ampia 17. Kwa nyuzi 60 zidisha kwa 0.5: unabaki na 12. Waya wa 1.5 unashuka kutoka 17.5 hadi 12, kisha karibu 9. Wa 4 unatoka 32 hadi 23. Wa 6 unatoka 41 hadi 29. Hapo bado hujahesabu kwamba sakiti mbili zikibanwa kwenye paipu moja kila moja inapoteza tena asilimia 20.

Kwa hiyo hata breka ya 20 ya mwanzo ilikuwa kubwa kidogo kwa waya wa 2.5 uliopita juu ya dari ile. Kwa ukanda huu wa pwani, waya wa 2.5 unaopita chini ya bati uwekewe breka ya 16, na wa 1.5 wa taa breka ya 6. Taa 12 za LED za wati 9 hazifiki hata ampia moja, kwa hiyo breka ya 6 haimnyimi mtu kitu. Pale inapowezekana, paipu zishushwe ukutani na zipite kwenye plasta sentimita 15 chini ya dari, au sakafuni kama nyumba bado inajengwa. Kwa nyumba inayojengwa leo huo ndio uamuzi mmoja wenye faida kubwa kuliko vyote, nao hauongezi gharama.

Friji na shoti: ethi na RCD zina kazi mbili tofauti

Hili linahitaji kuelezwa taratibu, kwa sababu hata mafundi wazuri hulichanganya. Ethi ni njia ya kupeleka ardhini umeme unaovuja; RCD ni swichi ya kinga inayokata umeme unapovuja.

Rodi ya ethi ya nyumba hii ilikuwa ya mita 1.2, imepigwa uani karibu na ukuta. Klempu ilikuwa ya chuma cha kawaida na imeliwa na kutu kabisa, waya wa kijani ukiwa umelala pembeni. Kwa maneno mengine soketi zote saba zilikuwa na tundu la ethi lisiloenda popote. Klempu ilipobadilishwa na kuwa ya shaba nyeupe, rodi ikapimwa: omu 240. Kwa mchanga mkavu wa Mtwara mwishoni mwa kiangazi namba hiyo haishangazi. Maji ya mvua huisha upande wa juu kwanza, na rodi ya mita 1.2 yote iko kwenye tabaka lililokauka.

Friji lenyewe lilikuwa na unyevunyevu kwenye vichwa vya nyaya vya kompresa. Megga, kifaa cha kupimia uvujaji, ilionyesha ukinzani wa kiloomu 20 tu kati ya waya wa moto na bodi la friji, yaani umbo lake la nje. Umeme unaovuja hapo ni volti 230 kugawa kwa omu 20,000, karibu miliampia 11.5. Ethi isipokuwepo, miliampia hizo zote zinasubiri mtu peku kwenye sakafu yenye maji. Kiasi hicho kinatosha kumfanya mtu mzima ashindwe kuachia mkono. Ethi ikiwepo, hata mbaya ya omu 240, uvujaji uleule unalipandisha bodi la friji volti 2.8 tu, na mtu hasikii kitu. RCD ya miliampia 30 haifyatuki kwa miliampia 11. Kinachomkinga mama hapa ni waya wa kijani.

Sasa chukua kosa la pili, waya wa moto umekatika na kugusa bodi la friji moja kwa moja. Umeme unaopita kwenda ardhini ni 230 kugawa kwa 240, yaani ampia 0.96. Breka ya 16, ya 20 au ya 32 haioni ampia moja. Itakaa imewaka wiki nzima, na bodi la friji litakuwa na karibu volti zote 230. Hapa ethi peke yake haitoshi, na hata ukiishusha hadi omu 41, ampia 5.6 zitakazopita bado haziangushi breka. Kinachokata ni RCD, ile yenye kitufe cha kujaribia. Inapima umeme uliotoka na uliorudi, na tofauti ikifika miliampia 30 inakata kabla moyo haujapata madhara.

Kwa hiyo vyote viwili vinahitajika. Anayesema "mimi nina RCD, ethi ya nini" na anayesema "mimi nina rodi, RCD ya nini" wote wamejikinga nusu.

Rodi mpya zilipigwa tatu, kila moja imeunganishwa vipande viwili vya mita 1.2 kufika kina cha mita 2.4, zimepishana mita tatu, zimefungwa pamoja kwa waya wa shaba wa 16. Kipimo kilishuka kutoka omu 240 hadi 41. Kupishana ni muhimu: rodi zikisogeleana sana zinatumia udongo uleule, na ya pili haisaidii sana. Klempu zote ni za shaba nyeupe, na kila moja ina kisima kidogo cha tofali chenye mfuniko ili iweze kukaguliwa. Chumvi ya mawe na mkaa ambayo watu humimina kwenye shimo la ethi haikutumika. Inashusha kipimo kwa muda, kisha mvua inaiosha na klempu inaliwa haraka.

Jambo moja la kalenda. Mkoa huu una msimu mmoja mrefu wa mvua, Novemba hadi Mei. Anayepima ethi Machi atapata namba nzuri itakayomdanganya. Ethi ipimwe Septemba au Oktoba, ardhi ikiwa imekauka.

Bodi mbili badala ya moja

Uamuzi mkubwa wa kisa hiki ulikuwa kugawa nyumba kwenye bodi mbili: moja ya mizigo mizito, inayokula umeme wa TANESCO tu, na moja ya mizigo ya lazima, ambayo kesho itapitia inveta, mashine inayogeuza umeme wa sola na betri uwe wa kutumika nyumbani. Hata kama sola haitakuja miaka mitano, kugawa leo kunagharimu bodi moja ya plastiki. Kugawa baadaye ni kubomoa kuta.

Bodi kubwa ni ya nafasi 24, safu mbili za 12, ya plastiki kwa sababu ya chumvi. Ina mein swichi ya ampia 63, kinga ya radi, RCD ya mbele ya miliampia 100 yenye alama S, na RCD mbili za miliampia 30. Ile yenye alama S huchelewa kidogo kukata, ili kosa la jikoni likatwe na RCD ya jikoni bila kuzima nyumba nzima. Hiyo peke yake ndiyo iliyoagizwa Dar es Salaam, vingine vyote vipo madukani Mtwara mjini, na ndivyo inavyopaswa kuwa: kifaa kisichopatikana karibu kikiharibika hubadilishwa na kipande cha waya. Mei 2024 barabara ya kwenda Dar ilikatika Somanga kwa mvua za kimbunga Hidaya; anayefunga bodi huku azikumbuke siku zile anapochagua vifaa.

Kutoka bodi kubwa zinatoka sakiti sita. Jiko la umeme, waya wa 6, breka 25, mita 14. Soketi za jikoni, waya wa 4, breka 20, mita 16 moja kwa moja bila kuzunguka sebuleni. AC, waya wa 2.5, breka 16. AC ya BTU 12,000 hula ampia 5 hadi 6 tu, na kuiwekea waya wa 4 au 6 kama wengi wafanyavyo ni kupoteza shaba. Pampu, waya wa 2.5, breka 16 ya aina C kwa sababu mota ikianza huvuta mara tano au zaidi ya mzigo wake wa kawaida. Soketi ya kuchajia bajaji kwenye veranda, waya wa 4, breka 16, mita 22. Na njia ya kwenda bodi ndogo, waya wa 10, breka 32.

Bodi ndogo ni ya nafasi 12, ina swichi yake na RCD yake ya 30: taa mbele na taa nyuma, kila moja waya wa 1.5 na breka ya 6. Friji na friza pamoja, waya wa 2.5, breka 16. Soketi za sebule. Soketi za vyumba. Friza limewekwa na friji kwenye breka yao peke yao ili pasi mbovu ya chumbani isiangushe breka inayolinda samaki wa wiki nzima.

Nyaya zilizotumika, kila njia ikiwa na waya wa moto, nyutro na ethi: mita 200 za 1.5, mita 300 za 2.5, mita 114 za 4, mita 42 za 6 na mita 9 za 10, kwa sababu bodi mbili zimekaa jirani. Nyumba za zamani zina nyekundu, nyeusi na kijani. Sasa ni kahawia, bluu na kijani yenye mstari wa njano. Pale nyaya za zamani na mpya zinapokutana, karatasi yenye maelezo ya rangi ibandikwe ndani ya mlango wa bodi. Nyekundu na kahawia zote ni moto, lakini fundi wa kesho asiachwe akisie.

RCD zote za 30 zilichaguliwa za aina A. Tofauti inaonekana kwenye mchoro wa usoni: aina AC ina wimbi moja tu, aina A ina wimbi na chini yake vilima vidogo vya upande mmoja. Viyoyozi vya inveta, mashine za kufulia na chaja za betri zinaweza kuvujisha umeme wa vipande ambao aina AC haiutambui. Madukani aina AC ndiyo iliyojaa na bei yake iko chini. Kwa nyumba ya taa na pasi ilitosha. Kwa nyumba itakayochaji bajaji, haitoshi.

Maungio juu ya dari yamepigwa marufuku. Waya unatoka bodi unafika soketi, unaungwa kwenye skrubu za soketi, unaendelea. Penye lazima ya kuunga, ni ndani ya boksi lenye mfuniko, kwa konekta ya kubana, mahali mkono unapofika bila kupasua dari.

Waya wa shaba ambao si shaba

Roli tatu zililetwa kwanza, moja ikarudishwa dukani. Waya wa alumini uliopakwa shaba ni mwepesi na wa bei ya chini, na ganda lake linaandikwa vilevile 2.5. Njia tatu za kuugundua. Kwangua kwa kisu: ndani ni mweupe. Pima unene wa uzi mmoja mzima kwa kalipa: wa 2.5 uwe milimita 1.78, wa 1.5 uwe 1.38. Na iliyo ya uhakika kuliko zote, pima ukinzani wa roli zima: mita 100 za shaba ya 2.5 ni omu 0.74. Roli lililorudishwa lilisoma 1.2. Alama ya TBS iangaliwe, lakini kipimo ndicho kinachomaliza ubishi na mwenye duka.

Njia ya sola imeachwa tayari

Mpango wa familia ni paneli sita za wati 550, inveta ya kilowati 5 na betri ya lithiamu ya volti 51.2 na ampia-saa 100, yaani takriban uniti 5 za kuhifadhi. Vifaa havijanunuliwa. Kilichofanywa sasa ni kuandaa njia: paipu mbili tupu za milimita 25, moja kutoka juu ya paa hadi ukuta wa stoo, nyingine kutoka stoo hadi bodi ndogo. Ndani ya kila moja imeachwa kamba ya nailoni ya kuvutia waya. Nyaya za paneli zisipite paipu moja na nyaya za nyumba.

Stoo ilichaguliwa kwa sababu ina ukuta wa saruji na dirisha, haipigwi jua la mchana na haina mtu anayelala. Inveta ikifungwa juu ya dari chini ya bati itajipunguza nguvu yenyewe kwa joto, na mmiliki atafikiri ameuziwa mbovu. Ikifungwa veranda upande wa bahari, feni zake zitavuta chumvi.

Paneli sita zikiungwa mfululizo hutoa karibu volti 300 za umeme wa mkondo mmoja. Umeme wa TANESCO hupita sifuri mara 100 kwa sekunde, na ndipo cheche ya ndani ya breka hupata nafasi ya kuzimika. Umeme wa paneli haupiti sifuri kamwe. Breka ya kawaida ikifunguliwa chini ya mzigo wa paneli, cheche inaendelea kuwaka mpaka breka yenyewe inayeyuka. Breka za upande wa paneli ziwe zimeandikwa DC na volti zisizopungua 500.

Makosa mawili mengine huwa hayaonekani siku ya kufunga. La kwanza ni nyutro ya kuazima: taa inachukua moto bodi ndogo na nyutro bodi kubwa, kwa sababu fundi aliona waya wa karibu. Kwa wayaringi ya zamani taa inawaka bila shida. Siku RCD na inveta zinapofungwa, umeme unaotoka upande mmoja unarudi upande mwingine, RCD inaanguka kila swichi ikiwashwa, na watu wanaishia kuitoa RCD. Katika nyumba hii zilikutwa nyutro mbili za namna hiyo kwenye taa za veranda. Ni lazima nyutro za kila bodi ziwe na baa yake, na zihesabiwe moja moja kwa kipimo kabla ya kuwasha.

La pili ni hatari zaidi. Umeme wa nguzoni ukikatika, inveta hujitenga. Nyutro yake ikibaki inaelea bila kufungwa na ethi, RCD ya bodi ndogo haina njia ya kuona uvujaji, na nyumba inabaki bila kinga usiku kucha ingawa taa zinawaka vizuri. Inveta inunuliwe yenye swichi ya ndani inayofunga nyutro na ethi pale tu inapojitenga, na fundi ajaribu: zima mein swichi, washa kwa betri, pima nyutro na ethi kwenye soketi, halafu fyatua RCD kwa kipimo chake. Kitufe cha usoni hakitoshi kwa jaribio hili, kwa kuwa hakipiti kwenye ethi.

Inveta ipangwe isirudishe umeme kwenye mita bila makubaliano na TANESCO. Mita nyingi za LUKU huhesabu umeme unaorudi kama matumizi, na mtu anajikuta analipia jua lake mwenyewe.

Vilivyokataliwa

Soketi zenye tundu za USB ukutani ziliombwa na hazikuwekwa. Kielektroniki cha ndani hufa mapema kuliko soketi, na aina ya tundu hubadilika. Chaja ya kuchomeka inatosha.

Swichi za kuongozwa kwa simu hazikuwekwa pia, lakini nyumba imetayarishwa: kila boksi la swichi lina kina cha milimita 47 na limefikishiwa nyutro. Swichi nyingi za namna hiyo haziwaki bila nyutro, na nyumba karibu zote zilizosukwa zamani zina moto tu kwenye swichi. Waya huu mmoja wa ziada ndio sehemu kubwa ya kile kinachoitwa nyumba janja.

Jiko la umeme halijanunuliwa, ila njia yake ipo. Mkakati wa Taifa wa nishati safi ya kupikia, 2024 hadi 2034, unalenga asilimia 80 ya Watanzania, na kwa mkoa unaowasha taa kwa gesi ya Mnazi Bay ni haki jiko nalo lifike. Presha kuka tayari imeonyesha njia: kilo ya mbaazi kavu huiva kwa takriban nusu uniti, karibu shilingi 180. Kikwazo kimekuwa soketi. Mama anayepikia kwenye soketi inayopata moto hurudi kwenye mkaa, na ana sababu.

Namba za mwisho

TANESCO waliarifiwa mzigo mpya, wakakata na kurudisha umeme wao wenyewe; lakiri ya mita haikuguswa. Kazi ilifanywa na fundi mwenye leseni ya EWURA, siku sita, mbili zikiwa za kuchana na kuziba ukuta.

Birika na presha kuka zikiwaka pamoja, bodi ilisoma volti 228, soketi ya jikoni 225. Megga kwa volti 500: sakiti zote juu ya megaomu 50, isipokuwa taa ya geti iliyosoma 0.3, ambayo boksi lake lilikuwa na maji. Likabadilishwa na lisiloingiza maji, tundu la waya likielekea chini. RCD zote za miliampia 30 zilikata kati ya milisekunde 18 na 31. Friji lilibadilishiwa kiungio cha kompresa na halipigi tena.

Skrubu za bodi zote mbili zitakazwa upya baada ya miezi mitatu, kwa kuwa shaba mpya hulegea kidogo ikishazoea joto, kisha kila Oktoba pamoja na kipimo cha ethi. Nafasi nane kwenye bodi kubwa na tatu kwenye bodi ndogo zimefunikwa kwa vifuniko vya plastiki. Juu ya paa, mdomo wa paipu tupu umeinamishwa na kuzibwa, na kwenye mfuniko wake wa upande wa stoo imeandikwa kwa kalamu isiyofutika: paneli, mita 9.